Kitambaa cha Bibi na Zamu ya Hewani

REHEMA: Haya, karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu: chaneli, yaani njia za mawimbi ya Wi-Fi hewani; neno la siri; na hiyo Wi-Fi 7, toleo lake la saba. Ila Sule kashuka kwenye boti jana, na ana jambo.

SULE: Bibi kanipigia: "Mjukuu wangu, mtandao unagoma kila tukishaswali Magharibi." Nikaenda. Dada Rehema, unaijua nyumba yetu Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kama urefu wa mkono. Ruta, kile kifaa cha kurushia mtandao, naikuta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

REHEMA: Kile cheupe chenye maua?

SULE: Kile kile. Kilifunika redio, kikahamia kwenye televisheni, sasa ruta.

REHEMA: Ukakitoa.

SULE: Nikitoe kwa nini? Uzi wa pamba hauzuii mawimbi. Masinia ndiyo yanayoyarudisha yalikotoka.

REHEMA: Na joto je? Yale matundu ya juu ndipo ruta inapopumulia.

SULE: Hapo sawa. Tukapatana na bibi, nikaipandisha ruta juu ya meza, kitambaa kikakaa chini yake. Akakinyoosha mpaka maua yote yakaonekana.

REHEMA: Bibi hajashindwa, basi.

SULE: Jioni mtandao ukagoma vilevile. Nikapima hewa kwa simu: mitandao 17 ya majirani, na 11 imejazana chaneli ya 6. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ya ruta ile, ni chaneli 1, 6 na 11 tu ndizo zinazokaa pamoja bila kukanyagana. Nikahamia ya 1. Ikapata nafuu, haikupona.

REHEMA: Gigahezi 5 je?

SULE: Kwa ukuta ule? Haivuki chumba. Nikafungua orodha ya walioungwa: vifaa 14! Bibi kawapa majirani neno la siri. Kuna simu moja ya ng'ambo ya kichochoro, ya mtoto anayesomea mtihani wa kidato cha nne. Imeshika kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, wakati simu ya bibi pale mezani imeshika 72.

REHEMA: Wasikilizaji, hapa ndipo penyewe. Hewani watu husema kwa zamu. Aliye mbali akipata zamu, mzigo uleule unamchukua muda mara 12. Wote wanamsubiri yeye. Mtoe, Sule.

SULE: Simtoi.

REHEMA: Bibi ana mwana Muscat. Anamwona kwa video tu, na inakatika usoni pake!

SULE: Najua, ni baba yangu mdogo. Lakini bibi mwenyewe ndiye aliyempa yule mtoto. Nimnyang'anye kilichotolewa na bibi?

REHEMA: Bibi alitoa bila kujua kinamgharimu nini. Mweleze, achague.

SULE: Nikimweleza, atakata simu za mwanawe ili mtoto asome. Namjua. Bora nifunge pale dirishani kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena.

REHEMA: Kikiwa chaneli ileile kinarudia kila neno mara mbili, zamu zinazidi kujaa. Vuta waya mpaka dirishani.

SULE: Nitoboe ukuta ule?

REHEMA: Basi mtoe mtoto saa za simu ya Muscat tu. Saa moja.

SULE: Saa hiyohiyo ndiyo anasoma.

REHEMA: Mimi sikubali kabisa. Mama mtu anamsubiri mwanawe siku nzima.

SULE: Na mimi sikubali mtoto abishe hodi, aambiwe kimefungwa.

REHEMA: …Haya. Fundi mitambo ananionyesha dakika mbili. Neno la siri hatujaligusa, Wi-Fi 7 ndiyo kabisa.

SULE: Ile ya wiki ijayo.

REHEMA: Ulisema hivyo wiki iliyopita. Leo umempigia bibi?

SULE: Asubuhi, kwa video. Haikukatika. Ila nyuma yake nimeiona ruta.

REHEMA: Na kitambaa?

SULE: Kimerudi juu.

REHEMA: Mwambie afume kingine, chenye matundu makubwa.