Seli Inayojipaka Rangi: Umbizo la Masharti katika Daftari la Madeni

Assalaam aleikum wazee wangu, na ndugu zangu makatibu na waweka hazina. Nimeombwa nizungumze juu ya lahajedwali, yaani programu ya kompyuta ya kuweka hesabu katika jedwali, na kwa kuwa wengi mlioketi hapa Lamu leo mnatunza madaftari ya boriti, ya mashua au ya duka, nitachagua jambo moja tu: namna ya kuifanya seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, ijipake rangi yenyewe pindi sharti tulilolitaja linapotimia. Jambo hili huitwa umbizo la masharti. Excel ililipata katika toleo la 97, kwa kikomo cha masharti matatu. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la 2007, na leo LibreOffice Calc na Google Sheets zinalo pia.

Najua kwamba wengi wetu tayari tunapaka rangi, ila kwa mkono. Mdaiwa akichelewa tunaitia seli yake nyekundu, kisha akilipa tunasahau kuifuta. Mimi mwenyewe nimewahi kumkumbusha mzee wa watu, barazani, deni alilokwisha kulipa majuma mawili kabla, na kisa chake ni rangi niliyoiacha. Rangi ya mkono hueleza tulivyojua siku tuliyoipaka, ilhali rangi ya sharti hupigwa hesabu upya kila daftari linapofunguliwa.

Tuchukue daftari la muuza boriti. Safuwima A ina jina la mnunuzi, B aina ya mti kwa unene wake, iwe ni fito, pau au mazio, C idadi ya korija (mafungu ya miti ishirini), D tarehe ya mwisho ya kulipa, na E tarehe aliyolipa. Tunataka mstari mzima wa aliyechelewa uwe mwekundu. Tutateua seli zote kuanzia A2 hadi E300, tuchague kanuni inayotumia fomula, kisha tuandike hivi:

=AND($D2<>"",$D2<TODAY(),$E2="")

Maana yake ni kwamba tarehe ya mwisho imeandikwa, tarehe hiyo imekwisha pita, na mahali pa malipo pangali patupu. Alama ya dola imeifunga safuwima D isisogee, hivyo seli ya jina, ya korija na nyinginezo zote katika mstari huo huitazama D ileile. Lakini namba 2 haina dola, na kwa hiyo kila mstari hujitazama wenyewe. Ukiisahau dola, seli ya B itakwenda kuulizia E, na rangi zitatawanyika pasipo maana. Ukiteua kuanzia mstari wa 2 lakini ukaandika 3 katika fomula, kila mnunuzi atapakwa rangi kwa deni la jirani yake wa chini, na kosa hilo ni gumu kulitambua kwa sababu daftari huonekana lina rangi za kutosha.

Sehemu ya kwanza ya fomula, ile inayouliza kama tarehe imeandikwa, huonekana kama ya ziada. Si ya ziada. Seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko leo, kwa hiyo bila sharti hilo mistari yote mitupu iliyobaki chini ya daftari itageuka myekundu.

Sasa nije kwenye tatizo linalotuhusu sisi waandishi wa Kiswahili hasa. Kwa mashine, tarehe ni namba: Excel huhesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, na 1 Januari 2024 ni siku ya 45,292. Lakini karani akiandika «15 Julai» katika programu iliyopangwa kwa Kiingereza, mashine haitambui kuwa hiyo ni tarehe, bali huyahifadhi maneno hayo kama maandishi. Na katika ulinganishi, maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote ile. Basi tarehe hiyo haitakuwa kabla ya leo kamwe, na mdaiwa huyo atabaki mweupe hata akichelewa miaka mitatu. Vivyo hivyo, anayeandika «2 korija» badala ya 2 atahesabiwa kuwa ametimiza kila sharti la «zaidi ya 10». Dalili yake ni rahisi: usipoupanga upande mwenyewe, tarehe za kweli huegemea kulia kwa seli na maandishi huegemea kushoto. Hata hivyo, sipendi kuyategemea macho ya karani aliyechoka wakati wa alasiri, kwa hiyo huongeza kanuni ya pili, ya manjano, kwa safuwima D peke yake:

=ISTEXT($D2)

Kwa maoni yangu kanuni hii ya manjano ina faida kuliko ile nyekundu, kwani nyekundu huonyesha mnunuzi aliyechelewa, na hii hutuonyesha sisi tulipoandika vibaya.

Kuhusu wingi wa rangi nitasema machache. Kanuni mbili zikigongana juu ya seli moja, ya juu katika orodha ndiyo hushinda. Mbili au tatu zinatosha. Ukurasa wenye rangi tisa humlazimu msomaji ajifunze kwanza maana yake, na ukichapishwa kwa wino mweusi wote huwa kijivu.

Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni jinsi ya kuhesabu mistari myekundu. Fomula za kawaida hazihesabu rangi, ila huhesabu sharti lililoizaa:

=COUNTIFS(D2:D300,"<"&TODAY(),E2:E300,"")

Iandikeni nje ya jedwali, katika G1. Sasa naomba kila mmoja afungue daftari lake, aweke kanuni ya manjano kwanza, azirekebishe tarehe zitakazojitokeza, na ndipo aiweke nyekundu. Nitapita nyuma yenu.