Lü Bu kanigeuka, na habari ya yule farasi

ZUHURA: Haya jamani karibuni, sauti imekauka mnisamehe, tangu Jumatatu silali vizuri.

ATHU: Waambie kwa nini, wasije wakadhani unaumwa.

ZUHURA: Lü Bu, yule jemadari wa Uchina ya kale. Lile gemu la vita, Romance of the Three Kingdoms ya pili, la kampuni ya Koei, nimelirudia kwenye emuleta ya simu, ile programu ya kuchezea magemu ya zamani, nikaanzia mwaka 189, mimi ndiye Cao Cao, mmoja wa wababe wa vita, na mbabe mwingine, Dong Zhuo, kashika mji mkuu na kila mtu anamwogopa. Nikapigana nao vita virefu, nikamteka Lü Bu, jemadari wake. Athu, mkono ulitetemeka! Nguvu ya vita 100 kamili, halafu gemu linaniuliza, umuue, umwachie, au umchukue.

ATHU: Ukamchukua.

ZUHURA: Nani asingemchukua? Pale zamu moja ni mwezi mmoja, basi kila mwezi nampa dhahabu. Majemadari wengine nawapunja, wale waliokuwa na mimi tangu sina kitu, lakini yeye nampa. Namba ya uaminifu inapanda pole pole, ikapita tisini nikashusha pumzi. Nikangoja mavuno ya mchele, mwezi wa saba, nikampa askari wangu wazuri wote nikamtuma. Katikati ya vita, yule mtu akageuka. Na askari wote! Rangi ya kikosi ikabadilika pale pale kwenye skrini, nimeshika simu saa nane usiku namwangalia.

ATHU: Pole sana dada. Lakini ulimpa farasi?

ZUHURA: Athu.

ATHU: Nauliza kweli. Kwenye riwaya ya Kichina ambayo gemu limetoka humo, Dong Zhuo alimpata vipi Lü Bu? Kwa farasi, Sungura Mwekundu. Akapewa yule farasi, akamuua Ding Yuan aliyemlea kama mwanawe, akahamia kwa Dong Zhuo. Wewe umempa dhahabu, dhahabu kila mtu anatoa.

ZUHURA: Sasa huyo farasi mwenyewe nimemfikiria wiki nzima, nikijua tu utamtaja. Hebu hesabu. Anatolewa mwaka 189. Lü Bu anauawa kwenye mji wa Xiapi, farasi anachukuliwa na Cao Cao, Cao Cao anampa jemadari Guan Yu. Guan Yu anakufa mwanzoni mwa 220, na riwaya inasema farasi akasusa majani mpaka akafa. Hiyo ni miaka 30, na alipotolewa hakuwa mtoto, alikuwa anapandwa vitani!

ATHU: Basi ana 33, 34.

ZUHURA: Farasi wa miaka 34 anambeba Guan Yu na silaha zake zote?

ATHU: Mimi nimekulia Lamu, farasi siwajui ila punda nawajua. Kulikuwa na punda wa mzee mmoja jirani yetu, tumemkuta tumemwacha. Alipofika ishirini na kitu hapakiwi mawe tena, anatembea ukutani kwenye kivuli, midomo imekuwa myeupe, akifika kwenye ngazi anasimama tu na hakuna anayempiga. Watoto tunampisha njia. Kwa hiyo kuishi anaishi, mzigo ndio hapana.

ZUHURA: Na ndiyo maana napenda kwamba Luo Guanzhong hakumwacha afe njiani kimya kimya. Kaandika riwaya miaka zaidi ya elfu moja baada ya mambo yenyewe, akaona farasi naye anastahili kuwa na bwana mmoja wa kumlilia. Farasi ana uaminifu kuliko Lü Bu. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi.

ATHU: Hapo hapo nakataa. Umemhukumu kwa riwaya, na gemu nalo limemhukumu kwa riwaya, kabla hujawasha simu alishaandikwa msaliti. Lakini Dong Zhuo ni nani? Kachoma moto Luoyang, mji mkuu wenyewe, kawaswaga watu kwa nguvu mpaka mji wa Chang'an. Aliyemuua mwaka 192 ni nani? Lü Bu! Hao watu walifurahi barabarani. Sasa hilo tendo ni usaliti au ni msaada?

ZUHURA: Na Ding Yuan? Na Liu Bei, mbabe mwingine aliyempokea Lü Bu hana pa kulala, akamnyang'anya jimbo la Xuzhou mwaka 196? Hao nao walichoma mji?

ATHU: Jemadari Zhang Liao alikuwa kwa Ding Yuan, akaenda kwa Dong Zhuo, akaenda kwa Lü Bu, akaishia kwa Cao Cao. Mabwana wanne! Mbona yeye anaitwa shujaa wa vita vya Hefei?

ZUHURA: Zhang Liao hakuua bosi hata mmoja, Athu. Wenyewe walikufa au walishindwa, yeye akatafuta pa kwenda. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

ATHU: Kwangu ni kimoja. Zama zile kila mtu alihama, waliobahatika ni wale ambao bwana wao wa mwisho alishinda, na walioshinda ndio walioandikiwa vizuri.

ZUHURA: Sikubali.

ATHU: Najua.

ZUHURA: Hapana, sikubali kabisa, maana wale majemadari wangu niliowapunja bado wapo, hakuna aliyeondoka. Nao ni watu wa zama zile zile.

ATHU: Wamo ndani ya gemu, Zuhura! Kuna mtu alikaa akawaandika hivyo.

ZUHURA: Aliyewaandika alisoma.

ATHU: Alisoma riwaya.

ZUHURA: Tumekwama. Na saa imekwenda, tuna dakika mbili. Tulikuwa tuwafundishe wanaoanza mambo matatu, kuzuia mafuriko, kuhifadhi mchele, na lile la kutuma barua za uongo.

ATHU: Ya barua peke yake inataka nusu saa.

ZUHURA: Basi tuache yote. Mafuriko tu, jamani, tengenezeni kingo za mto kabla ya... hapana, tuache, nikianza sitamaliza.

ATHU: Mimi wikiendi nakwenda nyumbani, nitamuuliza yule mzee punda wake alikufa na miaka mingapi.

ZUHURA: Muulize na kama alisusa majani.