Ukurasa Mmoja kwa Wote: Kusoma Riwaya Pamoja kwa Simu

Mabibi na mabwana, wapenzi wa vitabu, hamjambo nyote.

Mada niliyopewa ni pana: namna ya kuwaambukiza marafiki mapenzi ya kusoma, na marafiki wenyewe mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat, mwingine Lubumbashi. Nitaipunguza mpaka itoshe kiganjani. Nitazungumzia kundi la WhatsApp la watu wachache wanaosoma riwaya moja ya Kiswahili kwa wiki sita. Basi.

Niulize kwanza. Nani hapa yumo katika kundi la simu linalojiita la wapenzi wa vitabu? Mikono mingi. Na nani amewahi kumaliza kitabu hata kimoja kwa sababu ya kundi hilo? Naam. Kicheko hicho ndicho kilichonileta.

Mengi ya makundi hayo yana kazi moja, kupokezana mafaili. Leo PDF mbili, kesho tano, keshokutwa mtu anauliza kama kuna mwenye kitabu fulani, anatumiwa, anashukuru, imekwisha. Simu inajaa, kichwa kiko vilevile. Kumtumia mtu kitabu kizima ni kumtwisha deni: hajui aanze lini, na kesho hakuna wa kumuuliza amefika wapi. Mapenzi ya kusoma huambukizwa kwa ukurasa. Tumesoma ukurasa uleule, wiki ileile. Wewe umecheka, mimi nimekasirika. Haya, tuambiane kwa nini.

Hili hatukufundishwa na simu. Tenzi zetu zilisomwa kwa sauti mbele za watu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, haukumngoja msomaji aliyejifungia chumbani. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji, wakajibizana kwa beti kutoka mji hadi mji. Lilikuwa gazeti la kila mwezi. Mtu aliuliza, akangoja wiki nne apate jibu. Sisi jibu la dakika nne tunaona limechelewa.

Sasa tuingie kazini.

WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja. Ruhusa hiyo iacheni kama ilivyo. Alikeni watu 15, mkitegemea kubaki na 8 hadi 10 watakaosoma kwelikweli. Mkipungua chini ya sita, wawili wakiugua au wakisafiri mazungumzo yanakufa. Mkizidi kumi na wawili inatokea jambo jingine: watu wanasoma jumbe za wenzao badala ya kitabu, na wanachangia vizuri tu, bila kukifungua. Mwalike kila mmoja peke yake, kwa jina lake, na umtajie tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mtu anayejua mwisho uko wapi haogopi sana kuanza.

Kuchagua kitabu ndiko kunakoharibu mambo mengi, nami nitakaa hapo kidogo. Watu hupiga kura kwanza, kisha ndipo wanagundua kwamba kitabu kilichoshinda hakipatikani. Geuzeni utaratibu. Piga simu dukani au kwa mchapishaji, uliza vipo nakala ngapi na bei gani, kisha peleka kwenye kura vitabu vitatu ambavyo una hakika vinapatikana. Vitatu tu. Ukiweka kumi, kura zinatawanyika, mshindi anapata kura tatu, na watu saba wanaanza kusoma kitabu wasichokitaka.

Kitabu cha kwanza kiwe na kurasa 150 hadi 250, na kiwe na sura, maana sura ndiyo mapumziko. Kisiwe kitabu ambacho nusu ya kundi ilikifanyia mtihani. Aliyejibia mtihani riwaya hawezi tena kuiona. Ukimuuliza kuhusu mhusika anakupa maudhui, dhamira na mbinu za kisanaa, kwa mpangilio uleule wa darasani, na wasioipitia shuleni wananyamaza wakidhani hayo ndiyo majibu.

Msidanganywe na wembamba wa kitabu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, ni nyembamba, lakini si kitabu cha kufungulia kundi. Ukurasa mmoja unaweza kuwashika jioni nzima, na mgeni wa kusoma atadhani ujinga ni wake. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni nene zaidi, lakini inateleza. Hadithi za upelelezi pia ni mlango mzuri. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, inampa kila msomaji kazi: kushindana na Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, kumjua mkosaji. Mtu asiye na la kusema kuhusu fasihi hakosi la kusema kuhusu nani kaua.

Tengeni wiki mbili za kupata nakala kabla ya kuanza. Vitabu vya mikoani husafiri na basi, na basi lina siku zake. Wawili wanaokaa mji mmoja wanaweza kutumia nakala moja: huyu Jumatatu hadi Jumatano asubuhi, yule Jumatano jioni hadi Ijumaa.

Na ile PDF ya bure? Sheria za hakimiliki za Tanzania Bara na za Kenya zinalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo riwaya nyingi mtakazozitaka bado zina mwenyewe. Lakini hata mkiiweka sheria pembeni, PDF za mitaani zina kasoro zao: kurasa zimepigwa picha upande, sura imekatika, ukurasa wa 64 umerudiwa na wa 65 haupo. Kundi linabishana nusu saa kuhusu tukio ambalo wengine hawana. Picha ya aya moja mnayoijadili inatosha.

Ratiba ifanyiwe hesabu. Mwambie kila mmoja asome kurasa kumi za kitabu chenyewe akiwa na saa mbele yake. Aliyekaa muda mrefu bila kusoma atatumia dakika mbili hadi tatu kwa ukurasa, na huyo ndiye wa kupangiwa ratiba, si yule anayemaliza riwaya usiku mmoja. Kurasa 8 kwa siku, siku tano, ni 40 kwa wiki, kama dakika 20 kila siku. Riwaya ya kurasa 200 inakwisha kwa wiki tano, na ya sita mnaitumia kuagana nayo. Mwisho wa wiki usogezeni uangukie mwisho wa sura hata kama kurasa zitakuwa 36 au 45. Kisha andikeni ratiba nzima katika ujumbe mmoja na muubandike juu ya kundi. WhatsApp inakubali kuubandika hadi siku 30, kwa hiyo baada ya hapo muubandike tena. Mkitaja mahali, tajeni sura na maneno ya kwanza ya aya. Namba za kurasa hutofautiana toleo kwa toleo.

Siku ya kuzungumza iwe Jumamosi. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Afrika Mashariki Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo wanayokutana. Saa ndiyo kasheshe. Ukiandika "tukutane saa 3", aliyekulia Zanzibar anajua ni saa tatu usiku, na aliyekulia London anaweka kengele ya saa tisa alasiri. Andika hivi: saa tatu usiku, Nairobi na Dar es Salaam, yaani 21:00. Kwa wakati huo Lubumbashi ni saa mbili usiku, Muscat saa nne usiku, Minneapolis, Marekani, saa sita mchana wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto. London ni saa kumi na mbili jioni, kisha inaruka kwenda saa moja wanaposogeza saa zao mwezi Machi. Mwezi wa Ramadhani mwulizane upya. Saa tatu usiku wapo ambao bado wako kwenye tarawehe.

Mazungumzo yenyewe yawe na mshika zamu, na zamu izunguke kila wiki. Kazi yake ni maswali matatu tu, yaliyoandikwa tangu Ijumaa. Swali linaloua kundi ni "Mmeonaje?" Jibu lake ni "Kitabu kizuri sana" na vidole gumba sita. Swali linalofanya kazi linamrudisha mtu kitabuni. Yasmin anapomkimbia mumewe, Raza, ni aya ipi iliyokuonyesha kwanza kwamba ataondoka? Hilo liko mwanzoni mwa Vuta N'kuvute, sijawaharibia. Hapo kila mtu anafungua kitabu, kila mtu anakuja na aya yake, na ubishi unaoanza ni ubishi wa maandishi, si wa tabia za wanawake wa siku hizi. Ukikosa swali, mwambie kila mmoja anakili sentensi moja aliyoirudia kuisoma. Sentensi nane kutoka kwa watu nane zinatosha saa nzima.

Ujumbe wa sauti una faida na madhara. Mrefu wa dakika sita haupitiwi kwa macho, haurejelewi, na aliye kazini hawezi kuusikiliza, kwa hiyo wekeni kikomo cha dakika moja kwa maoni. Lakini kusoma kwa sauti ni jambo jingine. Jumatatu asubuhi mmoja asome aya ya kwanza ya sura ya wiki, arekodi, atume. Riwaya ya Unguja ikisomwa na mtu wa Unguja, mzaha ambao msomaji wa Mwanza au wa Bukavu aliupita bila kuuona unasikika wazi. Hakuna PDF inayoweza hilo. Kwa ajili ya bando, kila mtu azime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja.

Maneno magumu wapeni mtu mmoja ayakusanye, matano hadi kumi kwa wiki, pamoja na sentensi zilizoyabeba. Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya 2015, itawasaidia kwa mengi. Kwa riwaya za visiwani mwe karibu pia na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la 2010. Ndiyo, wao wanasema kamusi la, na msianze ugomvi hapo.

Maana ugomvi huo ndio unaofukuza watu kimyakimya. Yupo kila mahali mtu anayesahihisha Kiswahili cha wenzake. Mwenzetu wa Lubumbashi anaandika kama wanavyosema kwao, anaambiwa "sio hivyo, sema hivi", anaomba radhi, na hamtamsikia tena. Hakuachana na kitabu, aliachana na nyinyi. Iandikeni kwenye maelezo ya kundi tangu siku ya kwanza: hapa hasahihishwi mtu Kiswahili chake, ila aombe mwenyewe.

Aliyetangulia anyamaze kuhusu yaliyo mbele. Akishindwa kabisa, aanze ujumbe kwa neno "Tahadhari" na namba ya sura, kisha aache mistari mitupu kama thelathini. Maneno yenyewe yatakuwa chini kabisa, na asiyetaka kujua hatashuka kuyasoma.

Adui mwingine ni wema wetu wenyewe. Salamu za asubuhi zenye maua, dua za kufowadi, tangazo la mitumba, kisha msiba, na mchango wa msiba. Huwezi kumkataza mtu kutangaza msiba, na usijaribu. Fungueni makundi mawili, moja la kitabu na moja la kibarazani, mkiyaweka chini ya jumuiya moja ya WhatsApp. Harusi, misiba na mitumba viende kibarazani.

Wiki ya tatu kundi litazubaa. Lijueni hilo mapema msije mkalaumiana. Upya wa mwanzo umeisha, mwisho bado hauonekani, na aliyeachwa nyuma kurasa 50 anaona aibu kuchangia, kwa hiyo ananyamaza, na kimya chake kinamzidishia aibu. Kosa kubwa hapo ni kutoa orodha ya waliosoma na wasiosoma. Ifanyeni wiki ya tatu iwe nusu ya kipimo, kurasa 20 tu, zinazobaki mzimalizie mwanzoni mwa wiki ya sita, na mshika zamu arekodi muhtasari wa dakika tatu wa yaliyopita ili aliyechelewa aruke sura mbili bila kuona haya. Kuruka si dhambi. Wengi hurudi kuzisoma wakishamaliza.

Kitabu kikiisha, msikimbilie kingine usiku uleule kwa furaha. Admini afunge kundi kwa wiki mbili, mpangilio wa admini pekee kutuma ujumbe. Kisha amwandikie kila mmoja faraghani: tunaanza kingine tarehe fulani, upo? Asiulize kundini, maana kundini kila mtu yupo. Wanaojibu faraghani ndio kundi la kitabu cha pili; wakiwa watano, alikeni wengine kumi.

Nimekula muda wa maswali. Karibuni, tuanze na mama pale nyuma.