Ukifika Bangkok, Ingia Hekaluni na Mwenyeji

Ndugu zangu, habari za jioni. Humu ukumbini wamo wanaokwenda Bangkok kila mara kufuata nguo na vito, na hawajaingia hekalu hata moja. Wanayaona kwa dirisha la teksi, basi. Ukiwauliza, wanakujibu: dini si yangu, nikafanye nini? Kawaone wenyeji wako wanavyoishi, bwana! Ila usiende peke yako. Lipia mwongozaji.

Tarehe za wafalme utazisoma ubaoni. Mimi namlipa mwongozaji anifundishe kukaa. Mama mmoja wa makamo aliyetutembeza hekalu la Wat Pho alituanzia mlangoni: vueni viatu, kizingiti msikikanyage, mkiketi kunjeni miguu nyuma, nyayo zisimwelekee Buda. Akina mama, mtawa wa kiume haguswi, hata mkono hapewi. Kwa Wathai kichwa kina heshima, na mguu ndio duni kabisa.

Kisha akatupeleka kwenye nyayo za sanamu yenyewe. Buda amelala kwa ubavu, urefu wake mita 46, na nyayo zake zimenakshiwa kwa ganda la chaza linalometameta, alama 108. Sisi tumeambiwa tufiche miguu. Ya kwake imepambwa hivyo! Bila yule mama ningepiga picha ya uso nikaondoka zangu. Ukutani pamepangwa bakuli 108 za shaba, watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, ukumbi mzima unalia ti-ti-ti.

Wenzangu wa vito mtacheka: Buda wa Zumaridi aliyeko Wat Phra Kaew si wa zumaridi, ni jiwe jingine la kijani. Kimo chake sentimita 66 tu, na hubadilishwa mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira, kazi ya mfalme mwenyewe. Ukitaka mali, nenda Wat Traimit: sanamu ya Buda ya dhahabu, tani 5 na nusu, iliyokuwa imefunikwa kwa lipu hadi ilipobanduka mwaka 1955 sanamu ikihamishwa.

Sasa tahadhari. Mtu akikudaka nje ya lango, akakwambia leo pamefungwa, panda bajaji nikupeleke kwingine kwa bei ya bure, kataa. Safari hiyo inaishia duka la vito, na nyie mnajua vito vya namna gani. Mwongozaji halali ana leseni na kitambulisho, na kisheria kazi hiyo ni ya Wathai peke yao. Kwa hiyo hata Mswahili mwenzako aliyekaa kule miaka, akitaka umlipe akutembeze, mwambie mkanywe chai tu.