Nani Kamchora Chui Huyu?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie ubunifu na maana ya maisha, nikapewa nusu saa. Maana ya maisha kwa nusu saa siiwezi, kwa hiyo nitawazungumzia mtu mmoja na chui wake.

Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. (Naona wengine mnacheka. Ndiyo, tingatinga, kama lile la kusawazisha barabara.) Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengi wetu tulivyokuja. Kuchora alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, umri umeshapita thelathini na tano. Hakupita shule ya sanaa. Alichukua ubao mwepesi wa kupigia dari, akaukata mraba, akanunua rangi za makopo, zile zinazopakwa baiskeli. Picha zikauzwa Oyster Bay, pale Morogoro Stores, ambako wageni walikuwa wakija dukani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ndiye mhalifu waliyekuwa wakimfukuza. Akafa.

Sasa pigeni hesabu. Miaka kama minne ya kuchora! Wapo wasanii hapa wana miaka minne wanatafuta nembo tu.

Kwa nini basi mtindo ule wa kuchora wanyama kwa rangi za makopo upo mpaka leo, na unaitwa kwa jina lake? Mtaniambia kipaji. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini mimi naona jambo kubwa ni kwamba hakuchora amejifungia. Aliwakaribisha jamaa na watu wa kwao wakae karibu, waangalie mkono unavyokwenda: kina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata. Mwenye kazi alipoondoka ghafla, mikono ilikuwapo. Wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 mafundi wakaanzisha chama cha ushirika.

Hapa ndipo watu wa sanaa wanapokunja uso. "Wanaigana hao. Ukiona tembo mmoja umewaona wote." Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, tena kwa kujidai. Mpaka siku moja nikamsimamia fundi mmoja pale, nikamuuliza kwa sauti ya mkaguzi: chui huyu umembuni mwenyewe? Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Chui nimemkuta. Masharubu ni yangu."

Nikaondoka na jibu lile likanikaa. Kwetu ngoma ikipigwa, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Hivi kuna aliyewahi kumwambia mwitikiaji kwamba ameiba wimbo? Bila kiitikio, mwimbishaji ni mtu anayepiga kelele peke yake. Bibi yangu alisuka mikeka kwa ukili kama alivyoonyeshwa na mama yake, lakini mkeka wake ungewekwa kati ya ishirini tungeutambua, kwa jinsi alivyokaza pindo.

Sisemi kila nakala ina heri. Zipo picha za twiga na mlima nyuma yake, zimechorwa mbiombio, hata macho ya mnyama hayaangalii popote. Zinanichosha. Na yupo anayenakili kutoka kwenye simu kazi ya mtu asiyemjua, akaweka sahihi yake. Huyo hakuitikia, maana hakuwapo ngomani. Aliyekaa na mwalimu wake akanusa rangi ileile, akatumwa chai, akakosolewa mbele za watu, huyo hata akirudia chui yuleyule mara mia, kuna kitu kinamvuja mkononi.

Tena rangi ile ya mafuta haina haraka, inataka siku kadhaa ikauke. Najua kwa sababu nilirudi kumnunua yule chui. Fundi akaniambia, mzee, subiri, bado mbichi. Sikusubiri. Nikampakata kwenye daladala, nikishika kingo, mpaka dereva alipofunga breki pale njia panda. Leo ukija kwangu utamwona sebuleni: madoa ya Tingatinga, masharubu ya yule kijana, na kwenye mkia, wazi kabisa, alama ya kidole gumba changu.