Mawe ya kusagia sakafuni mwa abate

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Kaskazini ya London, mwendo wa siku moja kwa miguu, kuna mji uitwao St Albans. Katika miaka ya 1330, mtu aliyekaribishwa ukumbini mwa abasia ya mji huo, yaani makao ya watawa, alikanyaga sakafu iliyotandikwa mawe ya kusagia. Hayakuwa mawe ya kununua. Yalitolewa majumbani mwa watu, kaya baada ya kaya, yakapelekwa kwa watawa, nao wakayafanya sakafu. Nimeyachagua mawe hayo jioni ya leo kwa sababu naamini mtu wa kawaida aliujulia ukabaila kwenye unga wake kabla ya kuujulia kwenye upanga wa mtu yeyote.

Kwanza tumwone huyo mtu wa kawaida. Vijijini Uingereza wakulima wengi walikuwa watwana. Mtwana alifungwa na ardhi: shamba likipata bwana mwingine, naye kapata bwana mwingine. Mahali pengi alidaiwa siku 2 au 3 za kazi kila wiki katika shamba la bwana, na siku za nyongeza wakati wa mavuno, yaani wakati ule ule ambapo ngano yake mwenyewe inapukutika. Akimwoza binti, analipa. Akifa, bwana anachukua mnyama aliye bora zizini, na mara nyingi padre wa parokia anamchukua wa pili. Fikirini mjane anayetoka kuzika, anakuta ng'ombe anafunguliwa kamba. Zaka nayo ilikuwa sehemu moja ya kumi ya mazao. Kilichobaki ndicho mkate, uji mzito wa njegere na maharage, na pombe ya shayiri ambayo watu wazima na watoto waliinywa.

Hicho kilichobaki nacho hakikuwa huru. Ili nafaka iwe unga ilibidi ipite kwenye kinu cha bwana. Hesabu kubwa ya mali aliyoiagiza Mfalme William mwaka 1086 ilionyesha vinu vya maji takribani 6,000 nchini Uingereza, na kinu kilikuwa kitega uchumi cha bwana. Msagaji alijikatia ujira humo humo guniani, pengine kipimo kimoja katika kila 16, pengine kimoja katika 24, kutegemea mahali.

Mtaniuliza: kusaga kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, na kinu cha maji kinamaliza gunia upesi. Kwa nini basi watu waling'ang'ania mawe yao? Wanaowaona wajinga waliokataa maendeleo wanakosea sana. Kinu kilikuwa mbali, kilikuwa na foleni, na kiangazi mto ukipungua gurudumu linazembea. Jiwe la nyumbani liko palepale, halidai kipimo, na mama anaweza kusaga kile kidogo cha kupikia usiku ule. Zaidi ya hayo, mwenye jiwe alikuwa na jambo moja maishani mwake lisilohitaji ruhusa ya mtu.

Bwana wa St Albans hakuwa mpanda farasi mwenye deraya. Alikuwa abate, mkuu wa watawa Wabenediktini, wa kanuni ile ile inayofuatwa leo Ndanda na Peramiho. Mwaka 1327, wakati Mfalme Edward II anaondolewa kitini, wenyeji waliizingira abasia wakaupata uhuru wao kwa nguvu, na mawe ya kusagia yakarudi majumbani. Mwaka huo huo akachaguliwa abate mpya, Richard wa Wallingford. Huyu alikuwa mtoto wa mhunzi, bingwa wa hesabu na elimu ya nyota, aliyebuni saa ya ajabu kwa zama zake, huku mwili wake unaliwa na ugonjwa uliosemwa kuwa ukoma. Kila nikimsoma nasikitika. Mtoto wa mhunzi alikuwa anajua jiwe la kusagia ni nini katika nyumba ya maskini. Aliwashtaki wenyeji, na kufikia 1331 akawashinda. Hapo ndipo ilipotandikwa sakafu ile.

Miaka 50 ikapita. Tauni ya 1348 na 1349 iliua abate mmoja na watawa zaidi ya 40 humo abasiani. Vibarua wakawa adimu, wakadai ujira wa haki, na sheria ya 1351 ikawakataza. Ikaja kodi ya kichwa, mara tatu katika miaka minne, na Juni 1381 wakulima wa mashariki na kusini wakaingia London.

Watu wa St Albans walikuwa na deni lao la zamani. Walimchukua sungura hai, mnyama ambaye abate aliwakataza kumwinda, wakamweka hadharani pale wahalifu walipoadhibiwa. Kisha wakaingia ukumbini, wakang'oa mawe. Thomas Walsingham, mtawa wa abasia hiyo aliyewachukia, ndiye aliyetuandikia: waliyavunja vipande vidogo wakagawana, kama mkate uliobarikiwa unavyogawanywa kanisani Jumapili.

Hawakuyarudisha kusagia. Babu zao walisaga kwa mawe yale; wajukuu walitaka kila nyumba iwe na kipande chake.

Uasi ulipozimwa, kiongozi wao William Grindcobbe alikamatwa. Wakamtoa kwa dhamana ili awashawishi wenzake wazirudishe hati walizokuwa wamezitwaa kwa abate. Alisimama mbele yao akawaambia wasimame imara na wasiogope kwa ajili yake. Akifa, atakufa kwa ajili ya uhuru walioupata. Akarudishwa kifungoni, na Julai akanyongwa.