Nani Alimficha Luther?

Ndugu zangu, kila Sikukuu ya Matengenezo tunasimuliwa nyundo na mlango wa kanisa la Wittenberg, ule ambao Martin Luther anasimuliwa kupigilia hoja zake. Mlango mnaujua. Leo twendeni msituni.

Tarehe 4 Mei 1521 gari la farasi linakatiza msitu wa Thuringia. Yumo mtawa Martin Luther, ametoka mji wa Worms, Ujerumani, alikokataa kuyakana maandiko yake mbele ya Kaisari Karl V. Mara wanazuka wapanda farasi wenye silaha, wanamshusha, wanatokomea naye. Uvumi ukaenea kwamba ameuawa. Kumbe wale walitumwa kwa siri na watu wa Friedrich, mtawala wa Saxony, nchi uliko mji wa Wittenberg! Usiku uleule akaingizwa ngome ya Wartburg, akafuga ndevu, akavishwa nguo za kiungwana, akaitwa Bwana Jörg. Humo ndimo alimolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani.

Najua kuna mzee ananung'unika: "Mwalimu, aliyemlinda ni Mungu." Sawa, mzee wangu, nami namwamini Mungu huyohuyo. Ila nijibu: na Jan Hus je, yule padri wa Bohemia? Alikemea uuzaji wa rehema, yaani msamaha wa adhabu ya dhambi, miaka 100 kabla. Alikwenda mji wa Konstanz kuhojiwa na mtaguso wa kanisa, ameahidiwa usalama na Mfalme Sigismund, ahadi ikavunjwa, na tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto akiwa hai. Mungu wa Hus alikuwa mwingine? Hapana. Mtawala ndiye aliyekuwa mwingine.

Tena msidhani Friedrich aliongoka kwa usiku mmoja. Huyu alikuwa na hazina ya masalia ya watakatifu, kama mifupa na nguo zao, zaidi ya 19,000, na waliokuja kuyatazama walipata rehema zao palepale Wittenberg. Mtawa Tetzel alipokuja kuuza vyeti vya rehema, Friedrich alimzuia mpakani. Nusu ya fedha zile ilikuwa ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa wenye benki wa ukoo wa Fugger. Kwa nini watu wa Saxony walipe deni la Albrecht?

Sasa, ulinzi ule ulilipiwa, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1525, mjini Memmingen, wakulima waliandika madai 12. La kwanza halikuwa la kodi wala la kuni. Walidai usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, na kumwondoa akikosa. Dai la kwanza kabisa! Luther kwanza aliwakaripia watawala, kisha, ghasia zilipopamba moto, akaandika kwamba waasi wapigwe na kuuawa. Tarehe 15 Mei, pale Frankenhausen, maelfu yao walichinjwa.

Naambiwa muda umekwisha. Ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza basi, nayaacha. Lakini mkifika nyumbani, someni mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555: mtawala ndiye anayechagua dini ya nchi yake, ya Papa au ya Luther. Na raia asiyekubali? Aliruhusiwa kuuza mali zake, afungashe, ahame.